Mchangiaji akishatoa, asikie nini kutoka kwenu?

Safari hii nimekusanya maswali ya watu wa mashirika madogo ya hisani, wengi wao wakifanya kazi hiyo kwa kujitolea baada ya shughuli zao za siku. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake, lakini shida ni moja: wawaandikieje wanaowachangia ili watu hao wabaki nao? Maswali nimeyafupisha. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mtu akishatoa pesa yake, shirika linabaki na deni la habari kwake, na deni hilo halilipwi kwa kumwomba tena.

Kila mwaka tunatoa ripoti yenye hesabu zilizokaguliwa. Kwa nini tujiongezee kazi ya kuandika makala?

Ripoti msiiache, ni ya lazima. Ila ripoti humjibu mkaguzi na msajili. Mchangiaji wa kawaida ana swali lake jingine: pesa yangu ilipofika, kilitokea nini? Jibu la swali hilo halimo kwenye jedwali la mapato na matumizi.

Na kuandika si kazi ya pembeni. Kuna mashirika makubwa yaliyozaliwa na maandishi kabla hayajawa na ofisi wala akaunti. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, alifika Solferino, kaskazini mwa Italia, mwezi Juni 1859 akakuta maelfu ya majeruhi wa vita wakiteseka bila wahudumu wa kutosha. Mwaka 1862 alichapisha kwa fedha zake nakala 1,600 za kitabu kidogo akieleza aliyoyaona, na humo akapendekeza viundwe vikundi vya watu wa kujitolea watakaotibu majeruhi wa pande zote. Mwaka uliofuata iliundwa kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu. Karibu miaka 100 baadaye, tarehe 28 Mei 1961, wakili Mwingereza Peter Benenson alichapisha makala katika gazeti la Observer kuhusu wafungwa waliosahauliwa, waliofungwa kwa sababu ya mawazo yao. Mmoja wa aliowataja alikuwa Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola. Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, ilitokana na makala hiyo.

Tazameni walichofanya wote wawili. Hawakuandika kwamba wao ni watu wema wenye kazi muhimu. Waliandika nani anateseka, wapi, na msomaji anaweza kufanya nini.

Sisi tunakarabati viti vya magurudumu. Kazi ni ile ile kila wiki. Tuandike nini?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu aliyeuliza amekalia hazina. Kazi inayojirudia ndiyo ambayo mchangiaji haijui kabisa, na ninyi mmeizoea hata hamuioni tena. Hebu fikirieni aya kama hii, iwe mfano tu:

"Kiti kililetwa kikiwa kinavuta upande wa kushoto. Fundi alipokipindua aliona gurudumu dogo la mbele limejaa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli hadi halizunguki. Alizikata kwa kisu, akatoa beringi iliyoshika kutu, akaweka mpya. Kisha akabana breki, kiti bado kikateleza. Breki ya kiti cha aina hii hubana juu ya tairi lenyewe, kwa hiyo tairi likipungua upepo, breki haishiki. Mwenye kiti alikuwa akiweka jiwe nyuma ya gurudumu kila alipotaka kuhamia kitandani. Tulijaza upepo, tukamwonyesha namna ya kulipima tairi kwa kidole gumba."

Hakuna neno la kusifu humo. Lakini aliyesoma ameelewa kwa nini pampu na beringi ni msaada mkubwa, na ameelewa pia hatari ya kuanguka ambayo mtu huyo alikuwa akiishi nayo kila siku. Wiki nyingine elezeni mto wa kukalia, na jinsi mto uliobonyea unavyomletea vidonda mtu asiyehisi maumivu kwenye makalio. Wiki nyingine elezeni kwa nini kiti kilichotolewa bila kupima kimo cha mtu kinaweza kumharibu mgongo. Mada hizo zinatosha miezi, na kila moja inamfanya mchangiaji aijue kazi yenu kwa undani. Anayeijua kazi huitetea mbele ya wenzake bila kutumwa.

Kama bado mnakwama, mwulizeni mgeni yeyote aliyewahi kuingia karakana yenu alishangaa nini. Anzeni hapo.

Tutoe takwimu au tueleze habari za mtu mmoja?

Kuna utafiti mashuhuri wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic uliochapishwa mwaka 2007. Washiriki walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso fupi, kisha wakaombwa wachangie kupunguza njaa. Waliosoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za njaa barani Afrika walitoa dola 1.14. Waliopewa vyote viwili, Rokia na takwimu, walitoa dola 1.43. Takwimu zilipoongezwa kwenye habari za mtoto zilipunguza mkono wa mtoaji.

Wengi husoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba takwimu zitupwe. Mimi sikubaliani. Utafiti ule ulipima kutoa mara moja, kwa watu wasiolijua shirika. Ninyi mnataka mtu atakayekuwa nanyi miaka 10, na mtu wa namna hiyo ipo siku atauliza: huyu mmoja mmemsaidia, je, wengine wangapi? Basi anzeni na mtu mmoja, mumweleze vizuri, na namba zikae mahali pake ambapo mwenye kuzitaka atazipata bila kuhangaika. Jihadharini pia msije mkamchagua kila mara yule mwenye sura ya kuvutia na kisa cha kutoa machozi. Mzee mkali asiyependa kupigwa picha naye ni sehemu ya kazi yenu.

Tunahudumia watoto na wagonjwa. Picha zao tuzitumie?

Mkiwa na idhini ya kweli, ndiyo. Karatasi iliyosainiwa haraka mlangoni na mtu anayesubiri dawa kutoka kwenu haitoshi, kwa sababu mtu huyo hana uhuru wa kukataa. Mwambieni kwanza, na muwe mnamaanisha, kwamba huduma ataipata akikubali au akikataa. Mwonyesheni picha yenyewe. Msomeeni mlichoandika kwa lugha anayoielewa. Mwelezeni kwamba jirani yake anaweza kuiona, na mtoto akikua anaweza kuikuta. Akibadili nia baada ya mwezi mmoja, iondoeni bila kumwuliza sababu.

Mwaka 2006 Dóchas, muungano wa mashirika ya maendeleo ya Ireland, ulitoa kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, zikisisitiza utu wa anayeonyeshwa na haki yake ya kueleza mambo yake mwenyewe. Kipimo changu ni rahisi zaidi: je, mngeridhika mama yenu mzazi aonyeshwe hivyo?

Jambo la kiufundi ambalo wengi hulisahau: picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa. Zifuteni kabla ya kuitoa, hasa kama mnawahifadhi watu waliokimbia ukatili. Na mara nyingi picha ya mikono ikifanya kazi inatosha kabisa.

Tulichimba kisima na maji hayakupatikana. Mwenyekiti anasema tukiandika hilo wachangiaji watatukimbia.

Naielewa hofu ya mwenyekiti, na nadhani anakosea. Habari hiyo itawafikia wachangiaji kwa njia moja au nyingine. Kilichobaki mikononi mwenu ni kuchagua itoke kwa nani na lini.

Mwaka 2010 shirika la charity: water la Marekani lilikuwa na kampeni kubwa ya Septemba ya kuwapatia maji Wabayaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Uchimbaji ulishindikana, na shirika likawaonyesha wachangiaji kwa video kwamba umeshindikana. Shirika hilo halikufa. Limeendelea kukua hadi kuwa miongoni mwa yanayojulikana zaidi katika kazi ya maji. Shirika la Wahandisi Wasio na Mipaka la Canada lilifika mbali zaidi: kuanzia mwaka 2008 lilianza kuchapisha ripoti ya kila mwaka ya mambo lililoshindwa. Nayo GiveWell, inayochunguza ubora wa mashirika ya hisani, huorodhesha hadharani makosa yake yenyewe.

Namna ya kuandika ina uzito wake. Kwanza, waliokuwa wakiyasubiri maji waambiwe kabla ya mchangiaji yeyote. Ni wao waliopoteza zaidi. Halafu andikeni mlichopanga na kwa nini mlidhani maji yapo: mlipima kwa njia gani, nani aliwashauri. Elezeni mlichimba mita ngapi na mkakuta nini. Semeni pesa iliyotumika na iliyobaki, kwa tarakimu kamili, maana hapo ndipo macho ya msomaji yatakapokimbilia. Mwisho semeni mnafanya nini sasa, hata kama jibu ni kwamba bado mnatafuta ushauri. Msiwalaumu wenyeji. Msijifiche nyuma ya maneno kama "changamoto zilijitokeza". Andikeni kwamba maji hayakupatikana.

Wapo watakaoondoka, sitaki kuwadanganya. Lakini watakaobaki watakuwa wamepata sababu ya kuamini habari zenu njema, kwa kuwa wameona mnaweza kutoa na mbaya.

Tuandike mara ngapi?

Mara moja kwa mwezi, kama mnaweza kuitimiza kwa mwaka mzima. Kama hamwezi, kila baada ya miezi mitatu. Kuanza kwa kishindo cha makala tatu kwa wiki na kisha kunyamaza nusu mwaka ni vibaya kuliko kuanza polepole, kwani mchangiaji akikuta habari ya mwisho ni ya zamani hudhani mmefunga.

Kila makala iishie kwa kuomba mchango?

Hapana. Ombi lina mahali pake na si aibu kuomba, lakini msomaji akijifunza kwamba kila habari ina mtego mwishoni, ataacha kuzifungua. Uingereza iliona jambo hili likifika mbali mwaka 2015, wananchi walipokasirishwa na wingi wa barua na simu za kuwaomba michango. Mwaka uliofuata iliundwa taasisi mpya ya kusimamia uchangishaji, na baadaye watu wakawekewa utaratibu wa kuyazuia mashirika wasiyotaka yawasumbue. Katika makala nyingi wekeni tu mahali pa kuchangia panapoonekana, kisha mwacheni msomaji. Mkiomba, ombeni kitu kinachotajika, kwa sababu iliyoelezwa, na makala inayofuata iwe ni kueleza kilichopatikana. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika.

Mchangiaji mmoja ametuandikia kwa hasira kwamba pesa yake inalipa mishahara. Tumjibu au tunyamaze?

Mjibuni yeye kwa faragha, kisha andikeni makala kwa wote, bila kumtaja, kwa maana wengine kumi wanaliwaza hilo hilo kimya kimya. Msijitetee kwa asilimia. Elezeni siku ya kazi ya muuguzi wenu: anafika saa ngapi, anawaona wangapi, na siku asipokuwepo nani hukosa nini. Mshahara wa mtu anayefunga vidonda ni sehemu ya msaada wenyewe.

Njia ya pesa nayo ielezwe kama ilivyo, hata kama inaharibu utamu wa hadithi. Kiva, taasisi inayowawezesha watu kukopesha hata kiasi kidogo cha pesa kwa njia ya mtandao, ilikuwa ikieleza mambo kana kwamba mkopeshaji anamchagua mkopaji na ndipo pesa inamfikia. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alionyesha hadharani kwamba kwa kawaida mkopaji alikuwa ameshapewa mkopo na taasisi ya eneo lake kabla hata mkopeshaji hajamwona. Utaratibu wenyewe haukuwa na kosa. Shida ilikuwa maelezo, na Kiva iliyarekebisha. Kama michango yenu huingia kwenye mfuko mmoja wa pamoja, semeni hivyo, na msimwambie mtu kwamba pesa yake imemnunulia mtoto fulani daftari fulani.

Nani aandike? Mkurugenzi wetu hana muda, na sisi wengine si waandishi.

Mkurugenzi akikosa muda si hasara kubwa, maana mara nyingi yuko mbali na kazi yenyewe. Mtafuteni dereva, muuguzi, au yule anayepokea watu mlangoni. Msimwambie aandike. Kaeni naye kwa nusu saa, mrekodi kwenye simu, mwulizeni wiki hii nini kilimshinda na nini kilimpa moyo, kisha mmoja wenu aandike kwa maneno yake huyo huyo, akiondoa tu yanayojirudia. Jina la aliyesimulia liwekwe juu kama ameridhia. Rasimu isomwe na mtu wa nje asiyeijua kazi yenu, naye aweke alama kila mahali asipoelewa. Mara nyingi ni pale mlipotumia lugha ya vikao. Rekebisheni hapo, kisha kabla haijatoka msomeeni aliyesimulia, na akisema "mimi sikusema hivyo", badilisheni.