Alirudishwa pembeani kwa ufupi wake, sasa ananing'inia mlangoni

*Asalaam aleikum Shangazi. Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka 7 mwezi uliopita. Idd Mosi tuliwapeleka watoto wa ukoo mzima pembeani, naye ana mkono wake wa Idd mfukoni. Kwenye ile treni inayopanda na kushuka alisimamishwa kwenye ubao wenye mstari wa sentimita 120, akarudishwa. Binamu yake wa miaka 6 akapita. Baba yake alimchomolea kijana wa mlangoni shilingi 200, kijana akakataa, wakagombana mbele za watu. Ami yake akacheka, akasema, "Kijeba wetu na akapande kifarasi cha watoto wachanga." Tangu siku hiyo nyumbani haitwi jina lake, ni Kijeba tu. Sasa kila jioni namkuta ananing'inia kwenye fremu ya mlango ati arefuke. Desemba tunakwenda Dubai kwa shemeji yangu, na watoto hawana mazungumzo mengine ila pembea za huko. Baba yake asema tutamtia karatasi ndani ya viatu. Nimempima ukutani, ni sentimita 113. Mimi na baba yake si warefu. Je, mwanangu ana tatizo? Na huko Dubai nifanyeje?*

*Mama wa Tudor, Mombasa*

Waaleikum salaam, mwanangu. Umeniuliza mambo mawili, urefu na Dubai, nami nitakujibu yote. Lakini barua yako ina jambo la tatu ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonikaa moyoni: hilo jina.

Nianze na urefu, maana hapo nina habari njema. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana anayetimiza miaka 7 wastani wake ni kama sentimita 122, na walio wengi huwa kati ya 111 na 132. Wako ana 113. Yumo ndani, upande wa chini, na kwa wazazi wasio warefu hapo ndipo ungetarajia kumkuta. Ukiupima ule mstari wa 120 kwa viwango hivyo hivyo, zaidi ya thuluthi moja ya wavulana wa umri wake wangerudishwa pamoja naye. Siku ile pale mlangoni alijiona yu peke yake duniani. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Watoto wa miaka 7 wanapenda hesabu kuliko tunavyodhani.

Madaktari wana njia ya kukadiria mtoto atafika wapi. Kwa mvulana, jumlisha urefu wa baba na wa mama, ongeza 13, ugawanye kwa mbili. Tuseme mumeo ana 165 na wewe 152: utapata 165. Ni makadirio tu, na yanaweza kupishana kwa sentimita 8 hadi 10 juu au chini, lakini yatakuonyesha kuwa mtoto hufuata kwao.

La kuangalia zaidi ni mwendo wa kukua. Mtoto wa umri huu huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka mpaka karibu na kubalehe. Mpime kila baada ya miezi 6, bila viatu, visigino vimegusa ukuta, macho yametazama mbele, kitabu kimelala sawa juu ya kichwa. Fanya hivyo saa ile ile ya siku, kwa sababu sote huamka warefu kidogo na jioni hupungua kama sentimita moja, uti wa mgongo ukishabanwa na shughuli za kutwa. Ukiona mwaka umepita na hajaongeza hata sentimita 4, au kaptura ya shule ya mwaka jana bado yamfika pale pale, mpeleke kwa daktari wa watoto, iwe hapo Coast General au hospitali unayoizoea. Chukua na kile kitabu chake cha kliniki cha tangu kuzaliwa, kwa kuwa uzito na urefu ulioandikwa mle utamwambia daktari mengi kuliko maelezo yako. Ataulizia chakula, minyoo na maradhi ya mara kwa mara, huenda akapima tezi ya shingo, na pengine ataagiza picha ya mkono wa kushoto ili ajue mifupa imefika umri gani. Sina ninachokiona katika barua yako cha kukukimbiza leo.

Na kuning'inia kusimame, taratibu, bila kumcheka. Mfupa haurefuki kwa kuvutwa. Hurefuka kwenye gegedu, ile sehemu laini iliyo karibu na ncha zake, na homoni inayoiendesha kazi hiyo hutoka kwa wingi mtoto akiwa usingizini. Kama anataka kufanya jambo kwa ajili ya urefu wake, mpe hilo: alale mapema, ale mayai, samaki, maharagwe, mboga. Atakuwa na jambo la kufanya, na jambo lenyewe litakuwa la kweli.

Sasa jina. Mwanangu, mtoto hakuanza kuning'inia kwa sababu ya treni. Watoto hukatazwa mambo kila siku, hulia, hununuliwa kachiri, wakasahau. Huyu hakusahau kwa kuwa aliyemcheka ni ami yake, mbele ya binamu zake, siku ya Idd, akiwa na pesa zake mwenyewe mfukoni. Kisha mkalibeba jina lile mpaka nyumbani likageuka ndilo lake. Nasema "mkalibeba" kwa makusudi, sababu barua yako haikunieleza ni nani aliyelikataza. Mtoto akiitwa Kijeba na ami, atasema ami ana maneno. Akiitwa hivyo mama yake yupo na amenyamaza, ataamini.

Likome wiki hii. Usilete kikao cha ukoo wala usimwaibishe ami huyo mbele ya watu. Mumeo na amwendee ndugu yake, wawili peke yao, amwambie: "Mwanangu ana jina, mwite kwa jina lake." Hayo yatosha. Mtu mzima hahitaji kuelezwa zaidi, na akihitaji, basi mtoto asiachwe naye. Binamu nao, atakayelitaja tena akatazwe papo hapo, kwa upole, kila mara, hata kama ni mara ishirini kwa siku. Na wewe mketishe mwanao umwombe radhi kwamba ulilisikia ukanyamaza. Usiogope kwamba utajishusha. Mtoto anayeombwa radhi na mama yake hujua kuwa yeye si wa kuchezewa.

Nije kwenye ule mstari. Wazazi wengi huuona kama mlinzi mkorofi anayebagua watoto. Hupangwa na waliotengeneza mashine, kwa kutazama kiti na kile chuma kinachoshuka mapajani au mabegani. Treni ikikata kona au ikiporomoka, mwili hutupwa mbele, kando na juu, na chuma ndicho kinachouzuia. Kimepimwa kwa nyonga na mabega ya ukubwa fulani. Mtoto mdogo kuliko hapo huteleza chini yake, au kile cha mabegani humfika usawa wa uso na shingo. Nguvu za kujishikilia hazimsaidii, hata akiwa hodari namna gani.

Kwa hiyo karatasi ndani ya viatu itaongeza sentimita mbili kwenye ubao, lakini nyonga zake zitabaki zile zile kwenye kiti. Mwambie baba yake hivyo. Najua alitaka kumfurahisha mwanawe, na shilingi 200 alizitoa kwa mapenzi. Lakini kijana yule aliyezikataa ndiye aliyemlinda mtoto wenu siku ile, tena kwa mshahara mdogo na matusi juu. Mkikutana naye tena, mumeo amshukuru, mtoto akisikia. Mwanao aliona baba yake akijaribu kununua njia, na sasa kuna habari za karatasi ndani ya viatu. Ameshajifunza kwamba mwili wake ni wa kufichwa. Nataka alione jambo jingine kutoka kwa baba yule yule.

Na kwa kuwa kwenye pembea nyingi za sikukuu hakuna ubao wowote, kijana hukadiria kwa macho tu, uwe wewe ndiye ubao. Mkalishe mtoto, funga chuma au mnyororo, kisha tazama: kama anaweza kujitoa chini yake bila kukifungua, mteremshe, hata kama tiketi imekatwa na mashine imeanza kunguruma.

Dubai sasa. Kazi kubwa ifanyike hapa Mombasa, kabla hamjapanda ndege. Bustani zote kubwa za huko huandika kwenye tovuti zao urefu unaotakiwa kwa kila pembea. Keti na mwanao, na si peke yako usiku akiwa amelala. Mchukue, muandike pamoja kwenye karatasi: hizi napanda mwenyewe, hizi napanda nikiwa na mtu mzima, hizi bado. Safu ya katikati ndiyo wazazi wengi huisahau. Pembea nyingi zina vipimo viwili: aliyefika hapa hupanda peke yake, na aliye chini yake kidogo hupanda akiwa ameketi na mtu mzima. Huenda mkakuta karatasi imejaa kuliko mlivyofikiri. Jambo kubwa ni kwamba akiambiwa "hapana" atakuwa analijua tangu Tudor, halitamkuta mbele ya foleni ya watu wasiomjua.

Na mchague mahali panapomfaa. Legoland ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2016, imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na mtoto wa sentimita 113 atacheza humo kutwa. Ukimpeleka Abu Dhabi kwenye ile treni ya Formula Rossa inayokimbia kilomita 240 kwa saa, utakuwa umemlipia kiingilio cha kuwatazama wenziwe. Kama binamu wakubwa wanaitaka hiyo, waende na ami yao siku nyingine, nyie mna safari yenu.

Siku mtakayokuwa wote pamoja, msimpe kazi ya kushika viatu na mikoba ya wanaopanda. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanamshughulisha, na mtoto husimama pale na mzigo wa wenziwe kifuani akihesabu dakika. Wakubwa wakipanda yao, yeye na mtu mzima mmoja wawe wanapanda yake, mbali na pale, pasipo kusikia mayowe. Kisha mkutane wote kwenye pembea anayoruhusiwa, na hao binamu wapande hiyo pia, bila kuguna. Na kama wewe na baba yake mnataka kupanda kubwa, ulizeni mlangoni kama mnaweza kupokezana: mmoja anabaki na mtoto, akishuka mwenzake naye anaingia bila kupanga foleni upya. Kwenye bustani za Disney kule Marekani huo ni utaratibu rasmi, na bustani nyingine kubwa nazo huwa nao.

Ikitokea amerudishwa licha ya matayarisho yote, chuchumaa uwe usawa wa macho yake. Usibishane na mfanyakazi. Usiseme "kula ugali utakua," maana hapo unamwambia kosa ni lake. Sema, "Kiti hiki hakijakutosha. Najua ulikitaka sana." Umwache alie akitaka. Machozi ya pembeani hayadumu yakiachwa yatoke.

Kabla ya Desemba, mtoeni siku moja nyinyi wawili na yeye tu, bila binamu. Mpelekeni Haller Park pale Bamburi, alishe twiga. Twiga huteremsha ule ulimi mrefu mweusi mpaka kwenye kiganja, na hapo hakuna ubao wa kumpima. Msimulieni na ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale akiwa hana mama, akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee. Baba yake ndiye amsimulie, akiwa amemshika mkono. Baba ndiye ambaye mtoto anamtazama zaidi kwa sasa.

Mpime tena asubuhi ya kesho kama nilivyokueleza, umpime na baba yake, nawe upimwe. Niandikie hizo namba tatu, na jina la bustani shemeji yako aliyoichagua, tuipitie orodha ya pembea zake kabla hajakata tiketi.