Shangazi, mimi halisi simjui tena

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 21, nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja Dar es Salaam. Kwetu ni Makambako, mama anauza viazi sokoni, baba alishafariki. Instagram nina wafuasi 14,000 na wote wanajua mimi ni mtoto wa Mbezi Beach. Nguo nakodi. iPhone ya macho matatu nililipia nusu kwa bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, nusu kwa mikopo ya mtandaoni. Sasa nadaiwa 870,000 na programu tatu, na wameanza kuwatumia ndugu na marafiki zangu meseji kwamba mimi ni tapeli. Mwezi ujao wenzangu wanakwenda Zanzibar kwenye bethdei ya mmoja wetu, kila mtu 450,000. Nisipoenda watajua. Kitu kingine, juzi mama alikuja Muhimbili kutibiwa macho, akaniletea kiroba cha maharage. Nilimpokea stendi ya Magufuli ili asifike hosteli. Rafiki yangu akatukuta, nikamwambia huyu ni mama wa kanisani kwetu. Mama alisikia, akanyamaza. Tangu hapo silali. Nikope tena niende, au nifute akaunti nipotee kabisa? Mimi halisi simjui tena.*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Zanzibar kwa kuwa jibu lake ni fupi. Usiende, na usikope. Waambie wenzako, "Sina hela hiyo, nendeni mkafurahi," kisha unyamaze. Usizushe msiba wala usiseme unaumwa. Ukisema unaumwa watakuja hosteli kukuona, na utajikuta umelala kitandani unaigiza tena. Yupo atakayenuna, na yupo ambaye atapumua kwa sababu na yeye hana hiyo 450,000. Nimesoma barua nyingi za vijana wa rika lako. Katika kundi la namna hiyo ni nadra sana mtu kuwa peke yake katika kujibana.

Sasa deni. Kumbuka hata hilo bumu ni deni. Bodi ya Mikopo inakupa hela hiyo kwa ajili ya chakula na malazi, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka liishe. Simu yako imekaa juu ya mikopo ya aina mbili. Kama inaweza kuuzika kwa bei ya maana, iuze, ununue ya kawaida, na tofauti yake ilipe kwanza ile programu yenye riba kali kuliko zote. Halafu angalia kama wanaokudai wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Sisemi usilipe ulichokopa. Nasema hakuna mkopeshaji mwenye haki ya kuchukua majina yaliyomo kwenye simu yako na kukutangaza tapeli kwa watu wasiohusika. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Jumbe zote walizotuma ziombe kwa waliozipokea, uzitunze zikiwa na namba na tarehe. Ukitishiwa, nenda nazo polisi.

Umeandika kana kwamba wewe ndiye mjinga peke yako. Hapana, mwanangu. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyewahi kufanya kazi Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo, zikaonyesha kwamba walijua Instagram inawaumiza baadhi ya wasichana kwa jinsi inavyowafanya wajione. Watu wenye elimu kubwa wanalipwa vizuri ili wewe usiiweke simu chini. Unapokaa sana kwenye picha za hoteli, inakuletea hoteli nyingine, mpaka unaamini nchi nzima iko ufukweni isipokuwa wewe. Hilo linaeleza namna ulivyoingia. Ya stendi ni yako mwenyewe, na naona unalijua hilo.

Nimeirudia sentensi yako moja mara nyingi: "Mama alisikia, akanyamaza." Nimemfikiria huyo mama. Kusafiri na macho yanayouma kutoka Makambako mpaka Dar, kiroba miguuni, ni mwendo wa kutwa nzima. Alinyamaza ili usiaibike mbele ya rafiki yako. Hata pale ulipomkana, alikuwa bado anakulea. Siandiki hivi ili ulie. Nataka uone kwamba katika watu wote uliowataja, 14,000 wa mtandaoni na hao wa Zanzibar, ni mmoja tu aliyekuwa tayari kupoteza kitu kwa ajili yako.

Mpigie jioni, akishatoka sokoni. Muulize macho kwanza, na usikilize majibu. Kisha mwambie habari ya deni, kiasi kamili, kabla meseji ya hao watu haijamfikia yeye au jirani yake. Usimwombe hela katika simu hiyo. Atataka kuuza kitu, najua kina mama, na wewe umwambie asiuze, una mpango wako.

Lile la stendi usilimalize kwa simu. Likizo ikifika, nenda Makambako, kaa naye, shika kazi za sokoni, na siku mkiwa wawili tu umwombe msamaha ukimtazama. Akirudi Dar kliniki, mpeleke hosteli. Wenzako wasimame wamwamkie, "Shikamoo mama," na wewe useme huyu ndiye mama yangu mzazi. Huna haja ya kuongeza maelezo.

Kuhusu akaunti, hapa labda nitakushangaza. Usiifute kwa hasira, na usiposti ungamo. Siku hizi hata ukweli umegeuzwa kuwa maonyesho. Mtu anajirekodi analia, anasimulia umaskini wa kwao, halafu anakaa kuhesabu waliopenda. Ukimweka mama yako na ndoo zake za viazi kwenye stori ili watu wakusifie kwa unyenyekevu, utakuwa umemtumia mara ya pili. Wafuasi hawakudai msamaha wala wasifu wako. Kaa kimya hapo kwa muda, zima arifa, ficha idadi ya "like" kwa kuwa Instagram inaruhusu hilo tangu 2021, na acha kuwafuata wale ambao kila ukitoka kwao unajichukia.

Kupendeza siyo uongo. Kupenda nguo nzuri na picha safi ni kwako kabisa, ulizaliwa navyo Makambako hukohuko. Wafuasi 14,000 hawakuja kwa ajili ya jina la mtaa, wengi walivutwa na jicho lako la picha. Basi jicho hilo lilipwe. Msimu wa mahafali wanafunzi wanatafuta wa kuwapiga picha, na ikibidi utumie kamera ya kuazima. Anza na wanachuo wenzako, taja bei bila aibu, na kila unachopata kigawe, nusu iende kwenye deni mpaka liishe.

Unasema mimi halisi humjui. Mimi nimemwona kwenye barua. Ni yule asiyelala tangu siku ya stendi. Asingekuwepo, ungeshalala zamani.

Ukishaongea na mama, niandikie amesemaje kuhusu macho. Na zile jumbe za wakopeshaji, usifute hata moja.