Goti likishapasuliwa, kazi na mpira kila kimoja kina zamu yake

Kipindi cha kujihadhari nacho zaidi baada ya upasuaji wa goti ni pale unapoanza kujisikia mzima. Magongo yako nyuma ya mlango, daladala ya Sabasaba unapanda bila kushikwa mkono, na kwenye grupu la maveterani wanauliza, "Tukuweke kikosi cha Jumamosi?" Mimi nilirekebishwa kano ya mbele, ile inayopita katikati ya goti na watangazaji wa mpira wanaiita ACL. Nacheza mpira wa mchangani hapa Dodoma, na riziki yangu iko kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi: kusimama, kuinama, kubeba. Kwa hiyo goti hili lilikuwa linadaiwa pande mbili.

Elewa kwanza kilichofanyika mle ndani. Kano iliyokatika mara nyingi haishonwi. Daktari anachukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine, kwa kawaida nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, anakipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani na kukikaza. Kipande hicho kinaanza bila damu yake, na katika miezi ya mwanzo kinadhoofika kwanza ndipo mishipa ya damu iingie na kukijenga upya. Maumivu yanaisha mapema, kano bado haijakomaa. Ndiyo maana wataalamu wengi hawaruhusu michezo ya kugeuka ghafla kabla ya miezi 9. Anayewahi anaongeza hatari ya kuumia tena. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 2020, na pamoja na madaktari wote wanaomzunguka, alionekana tena uwanjani Julai 2021, tena kwenye mechi za maandalizi. Sasa wewe wa mazoezi ya sebuleni unataka miezi minne?

Wiki za mwanzo kila anayekuja kukupa pole atauliza kama goti linakunja. Wewe hangaika na kunyoosha. Goti lisilonyooka mpaka mwisho litakuchechemesha, na paja litazidi kusinyaa. Nilikuwa nakunja kanga, naiweka chini ya kisigino, kisha nakaza paja nikilisukuma goti chini kuelekea godoroni. Angalia pia ya goti: ikipanda kidogo kuelekea pajani, msuli umeitika. Mto usiwekwe chini ya goti hata kama unaleta raha. Mama mdogo aliyekuja kuniuguza kutoka Kondoa alikuwa ananiwekea kila nikisinzia, mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomwomba kwa heshima zote auhamishie kichwani.

Jambo lisiloandikwa kwenye karatasi ya hospitali ni choo. Kama kwenu ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kabla hujaenda kupasuliwa, siyo baada. Kazini nako ulizia mapema. Mimi choo cha kazini ndicho kilichonichelewesha kuliko hata mifuko ya saruji.

Kuhusu kazi, usirudi kwa aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, mradi una cheti cha daktari. Mtu wa kompyuta anaweza kurudi baada ya wiki chache. Wa kupanda ngazi na kubeba anahitaji miezi. Mwombe daktari aandike mambo yenyewe: asibebe mizigo, asipige magoti, apate kukaa na kuinua mguu. Ukimpelekea bosi karatasi iliyoandikwa "kazi nyepesi" tu, kila mtu ataitafsiri anavyotaka. Mimi nilianzia kwenye vitabu vya stoo, vijana wakabeba.

Mtaalamu wangu hakuwa ananiuliza kama goti linauma. Alikuwa anauliza, "Kaka, leo limeamkaje?" Ukifanya zoezi jipya au ukishinda umesimama, liangalie kesho yake asubuhi. Likiwa limevimba kuliko jana, kazi ilizidi, punguza, usiache. Nilinunua futi ya fundi cherehani, nikawa napima paja zote mbili juu kidogo ya pia ya goti. Tofauti iliyoonekana pale ilininyamazisha kuhusu Jumamosi. (Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, ukikosa pumzi, au ukapata homa na kidonda kutoa usaha, achana na futi, nenda hospitali siku hiyohiyo.)

Kabla ya kuruhusiwa mpira utapimwa kwa kuruka na mguu mmoja, na wengi wanataka mguu uliopasuliwa ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake. Ukishapita, anza na mazoezi ya timu, halafu dakika chache za mechi. Viwanja vyetu kiangazi vinakauka na kuwa vigumu mno, kwa hiyo mimi siku hizi navaa viatu vya meno mafupi, maana meno marefu yanaung'ang'ania mguu wakati mwili umeshageuka. Na nimeomba nianzie benchi kipindi cha kwanza. Kocha wetu, ambaye naye ana tumbo la kutosha, amekubali bila ubishi.