Usipeleke darasani faili la intaneti za nyumbani lililofutwa safu ya uzito

Mwalimu, hilo faili ulilotumiwa likiwa "limesafishwa" liache kabisa. Umeandika kwamba unataka kuwafundisha wanafunzi wa diploma takwimu kwa data ya KIHBS ya 2015/16, ule utafiti wa bajeti za kaya za Kenya, kuhusu intaneti nyumbani, na kwamba mwenzako amekupunguzia kazi kwa kuondoa "safu zisizo na maana" ili zibaki kaunti, mjini au kijijini, elimu ya mkuu wa kaya, na ndiyo au hapana ya intaneti. Halafu unauliza utumie Excel au R, uwape kaya ngapi, na kazi ya vikundi uisahihishe vipi. Safu zilizoondolewa ndizo somo lenyewe! Moja ni uzito wa kaya, yaani kaya iliyohojiwa inasimamia kaya ngapi; nyingine ni klasta, yaani eneo dogo ambalo kaya zake zilichaguliwa; nyingine ni tabaka, yaani kundi la maeneo, kama mjini au kijijini ndani ya kaunti. Bila hizo umebaki na orodha ya majibu ya watu waliohojiwa, na huwezi kusema neno lolote kuhusu Kenya.

Nasema kwa uchungu kwa sababu darasa langu liliumizwa na faili la namna hiyo hiyo. Mwezeshaji wa semina moja ya walimu alisimama mbele yetu akasema uzito ni mambo ya wataalamu wa serikali, mwanafunzi wa diploma atachanganyikiwa tu, futeni. Tukafuta. Wanafunzi wangu wakafanya mradi wa muhula mzima kwa faili lile: majedwali, chati, asilimia za kaya zenye intaneti hadi nukta mbili. Siku ya kutetea ripoti, msahihishaji kutoka nje alimuuliza binti aliyekuwa hodari kuliko wote: "Hii ni asilimia ya nani?" Akajibu, ya kaya za Kenya. Akaulizwa anajuaje. Alinyamaza, na mimi niliyekaa nyuma nilinyamaza pia, maana hakuna aliyekuwa ameniambia kitu. Vikundi vyote vikaamriwa kurudia sura ya matokeo. Kuna waliokuwa wameshalipia uchapishaji na kujalidi, kuna waliokuwa wanasubiri cheti waingie kazini. Mwezeshaji yule bado anazunguka na slaidi zile zile na analipwa posho kuzionyesha. Mtu asiyejua jambo aseme hajui, asiwafundishe walimu kulifuta.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa na muda vinapopotelea. KIHBS ile ilipangiwa kaya 24,000 katika klasta 2,400, kaya kumi kumi, na kazi ya uwanjani ikaendelea miezi kumi na miwili. Kaunti 47 ziligawanywa mjini na kijijini, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo zote zilihesabiwa mjini, ndiyo maana kuna matabaka 92. Lengo lilikuwa kila kaunti ipate makadirio yake. Tazama hilo lina maana gani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchi nzima, Nairobi 4,397,073, Lamu 143,920. Ukigawa kaya 24,000 kwa kufuata idadi ya watu, Lamu inapata kaya kama 73 hivi, na kwa kaya 73 huwezi kutoa asilimia ya kaunti ambayo mtu mzima ataiamini. Kwa hiyo kaunti ndogo ziliongezewa, na Nairobi ikapata pungufu ya sehemu yake. Kaya moja iliyohojiwa Nairobi inasimama kwa niaba ya kaya nyingi mno kuliko kaya moja iliyohojiwa Lamu. Ni sawa na baraza ambalo mjumbe mmoja amekuja kwa niaba ya mtaa mzima na mwingine kwa niaba ya boma lake, halafu karani anahesabu vichwa. Safu ya uzito ndiyo inayosema nani amebeba wangapi.

Waonyeshe ubaoni kwa nambari za kubuni, ndogo, zinazokokotoleka bila kompyuta. Kaunti A ina kaya 1,500,000, kaunti B ina kaya 50,000. Kila moja umehoji kaya 500. A wenye intaneti ni asilimia 40, B ni asilimia 10. Ukihesabu kienyeji kutoka kwenye faili, unapata 250 kati ya 1,000, yaani asilimia 25. Ukirudisha uzito, kaya zenye intaneti ni 600,000 za A na 5,000 za B, jumla 605,000 kati ya 1,550,000, ambayo ni asilimia 39. Tofauti ya alama kumi na nne, na hakuna mtu aliyedanganya wala kukosea kujumlisha! Kwenye intaneti kosa hili lina upande wake: huduma imejazana mijini, na miji mikubwa ndiyo iliyopunguziwa nafasi kwenye sampuli, basi usipotumia uzito nchi itaonekana nyuma kuliko ilivyo. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake mara moja, halimtoki tena.

Klasta nazo usiziache. Kaya kumi za klasta moja ni majirani. Kebo ya faiba ikipita kwenye mtaa, wengi wao wanayo; isipopita, wote wanategemea bando za simu. Majirani wanapofanana, kaya ya kumi haikuongezei habari kama ya kwanza. Chukua ulinganifu wa 0.3 ndani ya klasta, pale 0 ni majirani wasiofanana na 1 ni wanaofanana kabisa: 1 jumlisha 9 (kaya kumi toa moja) mara 0.3 unapata 3.7. Maana yake kaya 24,000 zinakupa uhakika wa kaya kama 6,500 tu zilizochaguliwa moja moja, na kosa sanifu, yaani kipimo cha makadirio yanavyoweza kuyumba, linakaribia kuwa maradufu. Programu haitakuambia hayo kama hujaionyesha safu ya klasta. Itakupa nyota za umuhimu, zile alama za kusema tofauti si ya bahati tu, kila mahali na wanafunzi watashangilia.

Jambo jingine kwa haraka, kwa sababu litaulizwa darasani: nyumba kuwa na intaneti si sawa na mtu kutumia intaneti. Sensa ya 2019 ilitoa asilimia 17.9 ya kaya zenye intaneti, na asilimia 22.6 ya watu wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti. Hazipingani, vigawanyo ni tofauti: moja inagawa kwa kaya, nyingine kwa watu. Kuna anayetumia kazini au saiba na kwake hakuna. Shirika la ITU, la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linataka intaneti ya nyumbani iwe inapatikana kwa kila mwanakaya wakati wowote. Je, bando kwenye simu ya baba anayeondoka nayo saa kumi na mbili asubuhi inahesabika? Waache wabishane, kisha wasome dodoso lilivyouliza hasa, neno kwa neno.

Faili la asili litafute kwenye hifadhi ya data ya KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu ya Kenya: jisajili, eleza matumizi yako, na upakue pamoja na dodoso na maelezo ya sampuli, hata kama kurasa ni nyingi. Ukilipata, kabla ya jedwali la kwanza, jumlisha safu ya uzito. Jumla ikija mamilioni, karibu na idadi ya kaya za nchi, uzito huo unakufaa kukadiria asilimia na idadi ya kaya pia. Ikija sawa na kaya zilizohojiwa, uzito huo umesawazishwa: asilimia utazipata sahihi, idadi ya kaya huwezi kuitoa humo. Na kama safu yenyewe haipo, mrudishie mwenzako faili lake.