Tangazo la mpakani: asasi ndogo ianzie wapi Afrika Mashariki?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni katibu wa asasi ya akina mama wanaofanya biashara ndogo mpakani, upande wa Tanzania. Tumesajiliwa ngazi ya wilaya, tunavusha nyanya, vitunguu na maharage. Wiki tano zilizopita ofisi moja ya upande wa pili ilibandika tangazo kwamba kila mzigo, hata wa mkokoteni, lazima upitie kwa wakala wa forodha. Ada ya wakala inakula faida yote. Tumeandika barua mbili, kimya. Kwenye semina tukaambiwa asasi yenye sauti ni ile yenye hadhi ya uangalizi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ikiwezekana hadhi ya Umoja wa Mataifa pia. Kuna mshauri yuko tayari kutuandalia maombi yote mawili kwa malipo. Tuanzie huko? Na sisi wa ngazi ya wilaya tunaruhusiwa?

JIBU: Dada Katibu, huyo mshauri msimlipe kwanza. Na hizo wiki tano zimenishtua kuliko ada ya wakala. Nitaeleza kwa nini.

Hadhi ya uangalizi ipo kweli. Kwa Ibara ya 3 ya Mkataba wa Jumuiya, Baraza la Mawaziri lina mamlaka ya kuitoa kwa asasi za kiraia. Mkiipata mtaalikwa kwenye mikutano, mtakaa ukumbini na pengine mtapewa nafasi ya kusema. Inawafaa wenye ajenda ya miaka kumi, kama chama cha mawakili cha Afrika Mashariki au vyama vya wafanyakazi. Ninyi mna karatasi ukutani inayowatoa sokoni wiki hii. Kuiondoa karatasi hiyo hakuhitaji hadhi yoyote.

Mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na watu wengi huruka utangulizi wake. Humo waliosaini walitaja sababu za Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977: utashi hafifu wa kisiasa, mgawanyo wa faida usio na uwiano, na ushiriki mdogo wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Serikali zenyewe zilikiri kwa maandishi kwamba kuwaacha watu kama ninyi nje kulichangia kuliua jengo la kwanza. Ndiyo maana Ibara ya 7 inataka Jumuiya inayowalenga wananchi, na Ibara ya 127 inamtaka Katibu Mkuu kuandaa jukwaa la mashauriano na asasi. Mnapoandika barua nyingine, anzeni na ibara hizo. Barua inayosema "tunaomba mtufikirie" na barua inayosema "kwa mujibu wa Ibara ya 127" hazipokelewi kwa mkono mmoja.

Kuhusu cheti chenu: sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inasajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Ngazi hiyo inahusu mahali mnapoendesha shughuli. Mkitaka kufungua mradi mkoa mwingine, nendeni kwanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye ndiye msajili msaidizi, mpandishe ngazi. Lakini kulalamika, kuandika na kushtaki hakuna ngazi. Ibara ya 30 ya Mkataba inasema mtu yeyote mkazi wa Nchi Mwanachama anaweza kupeleka shauri Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga sheria, kanuni, uamuzi au kitendo cha nchi kinachokiuka Mkataba. Mtu maana yake asasi, kampuni au binadamu. Mama mmoja mwenye matenga manne ya nyanya anaweza kufungua shauri kwa jina lake.

Ila sitaki mkimbilie huko. Tuangalie kwanza tangazo lenyewe linagusa nini. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru wa forodha. Maana yake nzima ni kwamba msilazimike kumtafuta wakala. Vibali vya afya ya mimea bado vinahitajika, na hapo naomba muwe wakweli: kama baadhi yenu mnavusha vitunguu bila kibali, ofisi ile italishika hilo na hoja yenu yote itazama. Safisheni nyumba kwanza.

Kama mnatimiza masharti hayo, tangazo lina sura zote za kile kinachoitwa kikwazo kisicho cha kiforodha, yaani kizuizi cha biashara ambacho si ushuru. Jumuiya ilitunga sheria ya kuviondoa mwaka 2017, na kila nchi ina kamati ya taifa ya kuvifuatilia. Kwetu mnaipata kupitia wizara inayoshughulikia biashara. Pelekeni malalamiko huko kwa maandishi, na nakala kwa kamati ya pamoja ya maofisa wa pande mbili hapo mpakani, kama kituo chenu kinayo. Hakuna ada. Kamati inataka vitu vya kushikika: tarehe, saa, aina na thamani ya mzigo, ofisa alisema nini, mlilipa kiasi gani na risiti iko wapi. Chukueni daftari moja la kurasa ngumu, mpangiane zamu, na kila mama anayerudishwa aandike mistari mitatu siku hiyohiyo. Daftari la mwezi mmoja lina uzito kuliko azimio la semina lenye sahihi mia.

Sasa hizo wiki tano. Ibara ya 30, kifungu cha 2, inatoa miezi 2 tu ya kwenda mahakamani, tangu siku uamuzi ulipotolewa au kutangazwa, au, kama haukutangazwa, siku mlalamikaji alipojua. Mahakama haina huruma kwenye hili. Asasi nne za Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri Novemba 2020 dhidi ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Novemba 2023 Kitengo cha Awali cha Mahakama kililitupa: kiliona kwamba muda ulianza kuhesabika kwenye makubaliano ya mwaka 2017. Hoja za mazingira na za wananchi walioguswa hazikufika hata mezani. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Kitengo cha Rufaa kiliifuta kesi ya asasi ya Kenya kuhusu mateso na mauaji ya Mlima Elgon kwa sababu ileile, na kikakataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea unaufungua muda upya. Kwa hiyo msijipe moyo kwamba "bado wanatutendea kila siku". Saa ilianza kwenda siku karatasi ilipobandikwa, na barua zenu mbili hazikuisimamisha.

Huko nyuma nilipokea kikundi kingine chenye kisa kama chenu. Walikuja na faili nene, limepigwa chapa vizuri. Nikauliza, tangazo liko wapi? Tukaenda kuangalia. Ubaoni palibaki gundi na pembe moja ya karatasi yenye nusu ya mhuri. Hakuna aliyepiga picha, na kila mtu alikuwa na tarehe yake kichwani. Wakili wa upande wa pili angeichagua ile ya mwanzo kabisa. Tuliishia kuandika barua ya kirafiki.

Mpango wangu kwenu ni huu: malalamiko yaende kwenye kamati wiki hii, na papo hapo wakili aandae hati za shauri zikae tayari. Kamati ikijibu kabla ya miezi 2 kwisha, hati zinabaki kabatini. Isipojibu, mnafungua. Mshtakiwa atakuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi ile yenye ofisi, si wetu. Masjala kuu iko Arusha, na kuna ndogo Dar es Salaam. Wakili yeyote anayeruhusiwa kusimama mahakama za juu za nchi mwanachama anaweza kuwawakilisha, kwa hiyo ulizeni chama cha mawakili kuhusu msaada wa kisheria kabla ya kuchangishana.

Na msiogope kwamba nchi ni ya jirani. Shirika la ustawi wa wanyama lenye makao Nairobi, African Network for Animal Welfare, liliishtaki Tanzania mwaka 2010 juu ya barabara ya kupita Serengeti, na Juni 2014 Mahakama ikazuia barabara ya lami kukatiza hifadhini. Mkenya kuishtaki Tanzania kwa sababu ya nyumbu: wengine walikasirika, mimi niliona Jumuiya inafanya kazi. Ila niwe mkweli pia, Mahakama haina askari. Ikitamka kwamba tangazo linakiuka Mkataba, kulibandua ni kazi ya nchi husika, na ninyi mtabaki kufuatilia.

Hapo ndipo majirani zenu wa upande wa pili wanapohitajika. Wale akina mama wanaonunua nyanya zenu nao wanaumia, na ni wapiga kura wa kule. Waandike kwa mbunge wao siku moja na barua yenu. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha: nani anaandika nini, nani anahifadhi nakala, na hakuna anayesaini na mfadhili kwa niaba ya mwenzake. Jambo la mwisho hilo ndilo huvunja miungano mingi niliyowahi kuiona, kuliko siasa.

Bunge la Afrika Mashariki liwekeni kwa baadaye. Linafaa pale sheria yenyewe inapokosekana. Sheria ya Jumuiya ya kukabili VVU na UKIMWI, iliyopitishwa Aprili 2012, ilisukumwa kwa miaka na mitandao ya asasi. Kwenu sheria ipo, inakanyagwa tu.

Umoja wa Mataifa nitaupitia haraka. Ibara ya 71 ya Katiba yake inaruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na mashirika, na azimio la 1996/31 linaweka masharti. Asasi iwe imesajiliwa angalau miaka 2, maombi yawahi tarehe 1 Juni kwa ajili ya mwaka unaofuata, yapite kwenye kamati ya nchi 19 huko New York, na ukikubaliwa kwa hadhi ya jumla au maalumu unadaiwa ripoti kila miaka 4. Ni kazi halali kwa wanaohitaji kusikika New York au Geneva. Nyanya zenu hazifiki huko.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao nahisi mshauri ataugusa. Arusha kuna mahakama mbili. Ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni ya Umoja wa Afrika, na asasi hufika pale tu kama ina hadhi ya uangalizi kwenye Kamisheni ya haki za binadamu ya Umoja huo iliyoko Banjul, Gambia, na nchi inayoshtakiwa imeweka tamko la kuruhusu. Tanzania iliondoa tamko lake Novemba 2019. Ya kwenu ni ile nyingine, ya Jumuiya. Mkiandika bahasha, someni jina mara mbili.

Hukutaja tarehe iliyo kwenye tangazo. Nendeni leo kabla ofisi haijafungwa, mpige picha ubao mzima halafu mhuri kwa karibu, na watu wawili waandike na kusaini kwamba waliuona. Kisha hesabuni siku zilizobaki.