Kabla hujanunua rimu, itafute themostati

Wiki iliyopita nilipanda Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya kwenda Iringa, na Altezza. Najua kuna watakaosema kwani Kitonga ni nini, mbona malori yanapanda kila siku. Sawa. Lakini kuna fundi mmoja hapa Dar aliyeniambia mbele ya watu kwamba gari langu halitavuka tena Chalinze likiwa na injini ile, na kuna shemeji yangu aliyelibatiza jina la "birika". Kwa hiyo niacheni nijisifu kidogo. Tumepanda kona zote saa saba mchana, nyuma ya lori la simenti lililokuwa linatambaa, kiyoyozi kimewashwa, mke wangu kasinzia, na mshale wa joto haukutikisika.

Tulipofika Iringa nikapiga picha na kuituma kwenye grupu la familia. Shemeji aliiona. Hakujibu.

Picha hiyohiyo ndiyo iliyoniletea ujumbe wa kijana mmoja wa Morogoro: "Kaka, yangu inachemsha nikikaa foleni. Fundi ameshatoa themostati lakini bado. Sasa anasema nitafute injini nyingine. Nifanyeje?" Mdogo wangu, umeshajijibu mwenyewe. Rudia kuisoma sentensi yako ya pili taratibu. Themostati, kile kimlango kinachoongoza maji ya kupooza injini, ndiyo kisa chote.

Kwa wageni, Altezza ni gari dogo la mwendo kasi ambalo Toyota walilitoa Japani mwaka 1998 na kusimamisha mwaka 2005. Linasukumwa na matairi ya nyuma, na mwaka lilipotoka ndilo lililochukua tuzo ya gari bora la mwaka la Japani, ya 1998-99. Iko AS200 yenye injini ya 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, nguvu za farasi 160. Na iko RS200 yenye 3S-GE, silinda nne, ambayo kwa gia za mkono inatoa nguvu 210 bila tabo (turbo). Yangu ni hiyo ya pili. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani sasa ni mtu mzima, na kitu kinachozeeka mapema kwenye gari la umri huo ni plastiki na mipira inayogusana na maji ya moto. Chuma bado kizima kabisa. Wanaokuuzia injini hawapendi ulijue hilo.

Nilipolinunua lilikuwa na tabia ya ajabu. Usiku, Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, natoka Tegeta mpaka Mwenge mshale umelala chini kabisa. Mchana, kwenye foleni ya Ubungo, unapanda mpaka mimi ndiye natokwa na jasho. Gereji niliyoelekezwa na rafiki ilikuwa na jibu kabla sijazima gari: hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeondoka, hizi 3S hazitengenezeki, tafuta injini ya Japani. Na injini yenyewe, kwa bahati njema, alikuwa nayo mtu wao.

Nikauliza mmejuaje. Hakuna aliyekuwa amechomoa kijiti cha oili. Hakuna aliyesubiri gari lipoe afungue mfuniko wa rejeta, ile inayopooza maji ya injini. Nikauliza tena, themostati iko wapi? Wakacheka wote, mpaka dogo wa kupuliza upepo. "Bosi, hiyo ni ya nchi za baridi. Hapa Dar tunatoa zote." Wala kwenye gari langu hawakuwa wameitoa wao, walilikuta hivyo kutoka kwa mwenye gari wa kwanza. Lakini walicheka kwa sababu, kwao, mtu anayeulizia themostati Dar es Salaam ni mtu aliyesoma vitu mtandaoni. Kicheko kile sijakisahau, na sina mpango wa kukisahau.

Haya, sikilizeni, maana hapa ndipo hela zenu zinapopotelea.

Themostati ni mlango mdogo unaofunguliwa na nta. Maji ya injini yakiwa ya baridi mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini tu. Yakifika nyuzi 80 na kitu nta inavimba, mlango unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta. Hiyo ndiyo sehemu anayoijua kila mtu. Sehemu isiyosemwa ni kwamba themostati ya aina hii ina kisahani kingine upande wa nyuma. Mlango wa rejeta ukifunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji yanapenda njia fupi. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ukiwa mwendoni usiku upepo ni mwingi, injini inapoa kupita kiasi. Ukisimama foleni mchana, inachemsha. Tabia ile ile ya gari langu, neno kwa neno. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya waziwazi usitoe themostati hata kama injini inapata joto. Toyota hawakuandika onyo hilo kwa ajili ya baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, peke yake.

Na hiyo "injini inapoa" msiione kama neema. Kompyuta ya gari ikiona maji hayajapata moto inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli. Gari linakunywa mafuta bila sababu, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Halafu mnasema Altezza inakula mafuta.

Kwa hiyo nililirudisha gari nyumbani Kimara, nikaliacha lipoe usiku kucha, na Jumamosi asubuhi nikaanza. Lipoe kabisa, narudia. Maji ya injini yako chini ya shinikizo. Angalia juu ya mfuniko wa rejeta utaona namba ya shinikizo, 0.9 au 1.1. Hapa pwani maji yanachemka kwa nyuzi 100, lakini yakibanwa na mfuniko huo yanafika karibu 120 bado hayajachemka. Ukiufungua yakiwa na joto hilo, yanachemka yote kwa pamoja usoni kwako. Hiyohiyo ndiyo sababu mfuniko wa bei ndogo wenye mpira uliopasuka unaweza kuchemsha gari zima. Mimi nilianza na mfuniko mpya, na nakushauri uanze hapo.

Nikafungua koki ya chini ya rejeta. Yaliyotoka siwezi kuyaita maji. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yakiwa na vipande vyeupe vinavyosagika ukivibana kwa vidole. Hiyo ni chumvi ya kisima. Dar maji ya visima vyetu vingi huwezi hata kupigia mswaki, lakini tunayamimina kwenye injini yenye hedi ya aluminiamu, halafu tunashangaa. Nilipofungua nyumba ya themostati, nati zake chache tu kwa spana namba 10, ndani palikuwa patupu. Ukingoni kuna silikoni nyeusi iliyopakwa kwa kidole, alama ya kidole bado ipo. Mtu aliitoa themostati, akaona pale pamelegea, akapaka silikoni, akapokea hela yake.

Ile silikoni niliikwangua kwa kipande cha plastiki, siyo bisibisi, maana ukichimba aluminiamu pale hapatabana tena. Themostati mpya inakuja na mpira wake wa duara unaouzunguka ukingo; mpira huo ndio unaozuia maji, kwa hiyo silikoni haihitajiki. Ina kipini kidogo kinachochezacheza kwenye kitundu. Kipini hicho kikae juu, kwa sababu kazi yake ni kupitisha hewa wakati wa kujaza. Watu wanakiweka chini, hewa inanasa, gari linachemsha, themostati inalaumiwa na kutupwa. Mzunguko unaanza upya.

Mipira ya maji, ya juu na ya chini ya rejeta, nilibadilisha yote, bila kujadili. Rejeta yenyewe niliangalia kichwa chake cha plastiki. Kikiwa kimeanza kugeuka kutoka weusi kwenda kahawia, jua siku zake zinahesabika, hata kama hakivuji. Changu kilikuwa kahawia. Ikaingia rejeta mpya. Hapo ndipo mke wangu aliponiuliza kama ada ya mtoto nimeshalipa. Nilikuwa nimeshalipa.

Kujaza ndiko kunakowashinda wengi kwa sababu kunataka subira. Usitie maji ya bomba wala ya kisima. Tia kulanti, ile dawa maalumu ya kupooza injini, na kama si ile iliyochanganywa tayari, ichanganye na maji yasiyo na chumvi (distilled water), yale ya kuongezea kwenye betri, siyo asidi. Mimina pole pole. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, washa hita mpaka mwisho wa moto (ndiyo, hita, Dar, majirani walinitazama), na ukamue mpira wa juu kwa mkono kila baada ya muda. Utaona mapovu yanapanda, kina kinashuka, unaongeza. Ghafla mpira wa juu unapata moto mkononi. Mlango umefunguka. Mimi pale nilijikuta nacheka peke yangu, nimekaa juu ya ndoo. Funga mfuniko, jaza kitangi cha pembeni mpaka mstari, na kesho yake asubuhi gari likiwa la baridi angalia tena, kwa sababu litakuwa limevuta.

Mapovu yasipoisha kabisa, au mpira wa juu ukawa mgumu dakika chache baada ya kuwasha gari la baridi, au oili ikawa na rangi ya maziwa, hapo sawa, zungumzeni habari za hedi gasketi. Lakini ziwe habari za ushahidi. Na kama feni ndiyo mbovu, dalili yake ni gari kupoa likitembea na kupanda joto likisimama. Kama joto linapanda ukiwa mwendo kasi au mlimani, shuku rejeta iliyoziba. Angalia pia usije ukadanganywa na mshale. Maji yakiisha kabisa, sensa ya joto inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua.

Sasa niseme na vijana wenzangu. Nikienda pale Shaurimoyo Ilala kutafuta spea nawakuta mmejazana kwenye rimu, ekzosi za kelele na taa za nyuma. Mnakata springi ili gari lilale, halafu kila tuta la Kimara mnalivuka kiubavu. Mmeweka muziki wa kupasua vioo. Fungua mfuniko wa rejeta: maji ya kisima. Fungua nyumba ya themostati: patupu, na silikoni ya fundi. Gari limetengenezwa na watu waliopiga hesabu ya kila nyuzi moja ya joto, wewe umelipeleka kwa mtu asiye na hata kipimajoto, anakwambia hii haina kazi, unakubali na kumlipa. Kwenye simu yako ungekubali atoe kitu na kukwambia hakina kazi? Mtu asiyejua gari lake linachemsha maji gani hana haki ya kuongelea nguvu 210. Nasema kwa upendo, lakini nasema.

Na wewe wa Morogoro, usinunue injini. Rudisha themostati, mfuniko mpya, mipira, kulanti, toa hewa. Ndiyo, ni yaleyale niliyosema juu. Hakuna siri nyingine.

Kitu kimoja sikifanyi mwenyewe, nacho ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Kwenye 3S-GE mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukibadilisha kimoja badilisha na kingine. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo kweli utatafuta injini. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa gari lililokuja na mita iliyorudishwa nyuma, namba hiyo haikusaidii, lakini fungua boneti na uangalie kwenye kifuniko cha mkanda au pembeni kwenye bodi. Gereji za Japani hubandika kistika zikibadilisha mkanda, zikiandika tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi unaandikwa kwa kalenda yao ya utawala wa mfalme, kwa hiyo ukiona 15 au 21 usidhani ni 2015 au 2021. Kwa kistika cha kabla ya 2019, jumlisha na 1988: 15 ni 2003, na 21 ni 2009. Kilomita za kwenye kistika zikizidi zile za kwenye mita yako, mpigie simu aliyekuuzia.