Maswali ya Wasomaji: Siku ya Tambarare, Nani Anakula Upepo?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu hatua za tambarare za mbio za baiskeli za Tour de France, zile ambazo mtu anaweza kulala saa tatu mbele ya televisheni, akaamka dakika kumi za mwisho na asiwe amepitwa na kitu. Au ndivyo anavyodhani.

Kila hatua ya tambarare watu watatu au wanne wanachomoka mapema, wanaachiwa dakika mbili tatu, halafu wanakamatwa zikibaki kilomita tano hivi. Mnisaidie, hawa wamepanga? – Msomaji, Moshi

Hawajapanga. Ni hesabu, na pande zote mbili zinaijua.

Watu wanne wakipokezana, kila mmoja anakula upepo, yaani anavuta mbele, robo ya muda. Nyuma yao, timu tatu au nne zenye masprinta, wale wakali wa mita za mwisho, zinatoa mtu mmoja mmoja wa kuvuta, na wengine zaidi ya 150 wamejibanza. Vipimo vya mtafiti wa mwendo wa hewa Bert Blocken na wenzake vilivyochapishwa 2018 vilionyesha kwamba katika msafara, yaani kundi kubwa, wa watu 121, aliyejificha ndani kabisa hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa ambao angekutana nao akiwa peke yake. Yaani huyo anatembea kilomita 45 kwa saa huku miguu yake ikidhani anakwenda sokoni.

Kanuni ya zamani inayohusishwa na mtangazaji Mfaransa Robert Chapatte inasema msafara ukiamua kukimbiza, unakula dakika moja kwa kila kilomita 10. Ipige mwenyewe: waliochomoka wakienda kilomita 43 kwa saa, kilomita 10 zinawachukua karibu dakika 14. Msafara ukienda 46.3, unatumia karibu dakika 13. Tofauti ya kilomita tatu na kidogo kwa saa inatosha kabisa. Ndiyo maana dakika tatu zikibaki kilomita 40 si pengo la kumtisha mtu.

Swali zuri zaidi ni kwa nini hawakamatwi mapema. Ukiwameza zikibaki kilomita 50, wengine wabichi watachomoka, na timu za masprinta zitaanza kazi upya zikiwa zimechoka. Heri wale wanne waning'inie mbele, waonekane, tuwachukue saa yetu ikifika. Wao nao wana faida yao: jina la mdhamini linakaa kwenye skrini mchana kutwa.

Hesabu hukosea pale wavutaji wanapokwisha. Tarehe 20 Julai 2023, hatua ya 18 hadi Bourg-en-Bresse, Kasper Asgreen na wenzake walifika mbele ya msafara uliokuwa ukiwapumulia kisogoni. Ilikuwa wiki ya tatu. Miguu ya kuvuta ilikuwa imeshatumika milimani, na wale wa mbele waliendelea kupokezana hadi karibu na mstari badala ya kuanza kuviziana mapema. Kuviziana ndiko huwaua wengi: mmoja akiacha kuvuta ili atunze nguvu za mwisho, sekunde 15 zinayeyuka ndani ya kilomita moja.

Watu 120 wanafika kwa mpigo lakini wote wanaandikiwa muda mmoja. Wa nyuma si kaonewa huruma? – Msomaji, Nakuru

Saa inahesabu pengo, si mtu. Katika hatua zinazotarajiwa kuisha kwa msafara mzima, kundi likiwa limeshikana, wote hupewa muda wa wa kwanza wao. Muda mpya unaanza pale pengo kati ya kundi na kundi linapofika sekunde 3. Bila hivyo, vijana wa milimani wanaowania jezi ya njano, ya anayeongoza kwa jumla ya muda, wangelazimika kujichomeka katikati ya masprinta ili kuokoa sekunde mbili, na tungewaokota lami.

Kwa sababu hiyohiyo, aliyeanguka au kuharibikiwa na baiskeli ndani ya kilomita 3 za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Baadhi ya hatua mpaka huo husogezwa hadi kilomita 5. Nafasi ya kumaliza hairudishwi, wala bonasi: watatu wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4, na hizo huzipati ukiwa umekaa kwenye mtaro.

Wanasema upepo wa ubavuni unapasua msafara. Kivipi, kama wote wamejificha? – Msomaji, Lamu

Wewe wa Lamu utalielewa hili haraka. Upepo ukiwa wa matanga kati, yaani wa ubavuni, kivuli cha kujikinga na upepo hakipo tena nyuma ya mwenzio, kipo ubavuni na nyuma kidogo. Upepo ukitoka kushoto, wa kwanza hukaa ukingo wa kushoto wa barabara, wa pili nyuma-kulia kwake, hivyohivyo kwa mshazari hadi ukingo wa kulia. Barabara ya mita sita inabeba watu kumi hadi kumi na tano hivi. Wa kumi na sita hana kivuli. Anabaki kwenye ukingo, tairi juu ya mstari mweupe, akila upepo sawa na anayevuta lakini bila zamu ya kupumzika.

Dawa ya huyo ni moja: ashuke mara moja na kuanzisha mshazari wa pili na walio nyuma yake. Anayeng'ang'ania mkia hukatika, na waliomfuata hukatika naye.

Tazama tarehe 12 Julai 2013, kutoka Tours hadi Saint-Amand-Montrond, kilomita 173, hatua ya tambarare kabisa. Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili kwa jumla ya muda, aliharibikiwa gurudumu wakati timu nyingine zimekaza. Akapoteza karibu dakika 10. Baadaye kundi la Alberto Contador likapasua tena, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa na jezi ya njano, akaachwa sekunde 69. Mark Cavendish akashinda. Hakuna kilima kilichohusika.

Kilomita ya mwisho inanichanganya. Nani anamvuta nani, na kwa nini aliye mbele karibu kila mara anapitwa? – Msomaji, Bujumbura

Timu ina watu wanane, na siku ya tambarare hutumika kama mishumaa. Wawili wamekwisha wakikimbiza. Wengine wanamlinda sprinta hadi zibaki kilomita 3. Kuanzia hapo wanabaki watatu au wanne kwa mstari, kila mmoja akivuta mita mia kadhaa kwa kilomita 60 na zaidi kwa saa, kisha anajitoa pembeni. Wa mwisho, ambaye thamani yake inakaribia ya sprinta mwenyewe, anamtoa kwenye kona ya mwisho na kumwacha zikibaki mita 200 hivi. Mwaka 2023 Mathieu van der Poel alimfanyia Jasper Philipsen kazi hiyo, na Philipsen akaondoka na hatua nne na jezi ya kijani, ile ya pointi.

Anayepitwa mara nyingi amefanya moja ya haya: timu yake imefika mbele mapema na watu wamekwisha zikibaki mita 600, au ameruka mapema upepo ukiwa wa uso. Nguvu za juu kabisa, wati 1,000 na zaidi, hudumu sekunde 10 hadi 15. Upepo wa uso unataka usubiri hadi zibaki mita 150. Ukiwa wa mgongo unaweza kuanza 250, maana aliye nyuma hana kivuli cha maana cha kumrusha. Kosa la tatu ni kukaa upande wa vizuizi: mwenzio akisogea kidogo tu, mlango umefungwa.

Gia pia. Meno 54 mbele na 11 nyuma husogeza baiskeli mita 10.3 hivi kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kilomita 70 kwa saa ni mizunguko 113 kwa dakika. Anayeingia kwenye gia hiyo mapema mno hukanyaga matope.

Mstarini, mikono husukuma usukani mbele na makalio kurudi nyuma ya tandiko. Usiidharau kazi hiyo: Nuits-Saint-Georges, 2017, Marcel Kittel alimshinda Edvald Boasson Hagen kwa sekunde 0.0003, sawa na milimita 6.

Girmay alipataje jezi ya kijani bila kushinda Tour? – Msomaji, Dodoma

Kijani ni cha pointi, si cha muda. Mwaka 2024 mshindi wa hatua ya tambarare alipata 50, wa pili 30, wa tatu 20, kushuka hadi wa 15 aliyepata 2. Njiani kulikuwa na mstari wa kati wa kugombea pointi, wenye 20 kwa wa kwanza. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya 3, Torino, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, kisha ya 8 na ya 12, akamaliza na pointi 387. Wanaohesabu ushindi tu wanasahau ile mistari ya kati: hapo ndipo jezi inapolindwa, siku ambazo kamera iko kwa waliochomoka.

Na haja ndogo je? – Msomaji, Tanga

Mapema, waliochomoka wakishaachiwa. Mwenye jezi ya njano au mkubwa mwingine akisimama, wengi husimama naye, na kumshambulia mtu aliye kichakani ni aibu. Wengine hawashuki hata kwenye baiskeli. Mwenzake anamsukuma mgongoni. Zikishabaki kilomita 40 na msafara umekaza, umechelewa, utavumilia.

Klabu yetu ina mbio ya kilomita 80, barabara tambarare. Tule nini na tujaze upepo kiasi gani? – Msomaji, Mwanza

Gramu 60 za wanga kwa saa zinatosha kwa asiyezoea. Wataalamu hufika 90 hata zaidi, lakini tumbo lao limefunzwa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina karibu gramu 27. Chupa ya nusu lita yenye vijiko 8 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na chumvi kidogo ina karibu 32. Ndizi moja na chupa moja kila saa, basi. Anza dakika ya 20, usingoje njaa.

Upepo: tairi la milimita 28 lisilo na tyubu, mtu wa kilo 70, jaza pauni 65 hadi 70 kwa inchi ya mraba. Wengi hupiga 100 wakidhani gumu ndilo linalokimbia. Kwenye lami yenye chembechembe tairi gumu linarukaruka, na kila mruko unapoteza mwendo. Na mkifika kilomita ya mwisho, asiwepo mtu wa kushika breki ghafla katikati ya kundi. Anayetaka kupungua atoke pembeni kwanza.